Nyeupe kwenye karatasi nyeusi: ikiwa mbichi inafunika, ikikauka inafifia. Shida ni karatasi, rangi au maji?

#1 Mutuba_Kla
Habari wana jukwaa. Ni swali la mtu anayeanza, ila naweka vipimo vyote msije mkanijibu kwa kubahatisha.

Karatasi: manila nyeusi ya duka la vifaa vya shule hapa Kampala. Rangi: kisanduku cha vidonge 12 vya rangi za maji, na tyubu moja ya nyeupe iliyoandikwa Chinese White. Brashi ya nailoni, namba 6. Nachora mwezi, duara la sentimita 4, nyeupe nimeizimua mpaka ikawa kama maziwa. Ikiwa mbichi inafunika vizuri. Dakika kumi baadaye imekuwa kijivu, tena kijivu chenye ubuluu. Njano, kijani na buluu za kisanduku ndiyo zimepotea kabisa. Ukiinamisha karatasi kwenye mwanga unaona mng'ao wa gundi tu mahali brashi ilipopita.

Kuna wanaosema karatasi nyeusi haikuumbiwa rangi za maji. Nataka kujua ni nini hasa kinachotokea.

#2 Fundi_Brashi
Tuanze na zilizopotea kabisa. Rangi nyingi za maji huazima mwanga kutoka kwenye karatasi. Mwanga hupenya rangi, hugonga weupe wa karatasi, kisha hurudi ukipita kwenye rangi ileile mara ya pili. Nyeusi inaumeza, kwa hiyo hakuna kinachorudi. Buluu ya PB15 na zambarau za PV19 (hizo ni namba za chembe za rangi) ni nzuri sana kwenye karatasi nyeupe kwa sababu zinapitisha mwanga, na kwenye nyeusi sababu hiyohiyo ndiyo inayoziua.

Nenda na zinazofunika: njano na nyekundu za kadmiamu, buluu ya seruliani, kijani cha oksidi ya kromiamu (PG17), nyekundu za udongo za PR101, njano ya Naples. Okra ya njano nayo inasaidia. Tyubu nyingi nzuri huandikwa namba ya chembe kwa herufi ndogo nyuma. Isome hiyo, uachane na jina kubwa la mbele.

Nyeupe yako: Chinese White ni oksidi ya zinki, PW4. Winsor & Newton waliitoa 1834 kwa ajili ya wachoraji wa rangi za maji, na sifa yake ni upole. Unayohitaji ni titani, PW6. Hata hivyo kwa karatasi nyeusi ningekupeleka moja kwa moja kwenye gwashi. Gundi yake ni ileile ya rangi za maji, lakini chembe ni nyingi zaidi na imetengenezwa kufunika.

Na kadmiamu ni sumu. Usinyooshe ncha ya brashi kwa mdomo.

#3 Nalongo_Njeru
PW6 sawa, Fundi, ila usimtume dukani kabla hajapima karatasi. Mutuba, fanya haya mawili sasa hivi.

Kwanza, lowesha tishu nyeupe, ikandamize kwenye kona ya manila kwa dakika moja, halafu uitazame. Ikitoka na weusi, ujue rangi ya karatasi inayeyuka na kupanda ndani ya nyeupe yako.

Pili, weka tone moja la maji kisha hesabu. Karatasi iliyotiwa gundi vizuri kiwandani huacha tone limekaa kama umande kwa dakika kadhaa. Manila za bei ya chini hulinywa upesi, na linapozama linakokota rangi na kuiingiza kati ya nyuzi.

#4 Mutuba_Kla
Webale nnyabo. Tishu imetoka na rangi ya majivu, hafifu ila ipo. Tone limezama baada ya sekunde 20 hivi na kuacha duara lililovimba.

#5 Nalongo_Njeru
Basi karatasi ina makosa yote mawili. Hata titani itafifia humo, ingawa si sana.

#6 Mzee_wa_Duka
Nauza rangi ya maji na ya mafuta, makopo ya lita 4 na ndoo za lita 20. Rangi ya maji nyeupe inafunika ukuta mweusi kwa mikono miwili, mitatu ukitaka usafi. Kwa nini mnahangaika na tyubu ndogo namna hiyo?

#7 Mwalimu_Mbale
Mzee, karibu. Hapa majina yamegongana. Rangi ya maji ya kwako ni ya ukuta, gundi yake ni ya plastiki na ikikauka haiamki tena. Za hapa zimeshikwa na gamu arabiki. Zikikauka zinaamka kwa tone la maji, hata baada ya miaka.

Lakini swali lako lina maana kubwa kuliko lilivyoonekana. Nyeupe ya ukuta ina titani ileile ya PW6, pamoja na chaki ya kujazia. Inaweza kuwa msingi: chukua ile isiyong'aa, sehemu mbili za rangi kwa moja ya maji, paka umbo unalotaka peke yake, subiri saa moja, halafu juu yake pitisha rangi za maji za kawaida. Hapo Mutuba anapata karatasi nyeupe ndani ya karatasi nyeusi, na vile vidonge 12 vinafanya kazi tena. Usitumie ile ya silki, maji yatajikusanya vitone juu yake kama kwenye jani la yugwa. Na brashi ioshwe palepale, ikikaukia humo imekwisha.

#8 Fundi_Brashi
Mwalimu, hapo sikubaliani nawe. Rangi ya ukuta ilitengenezwa itazamwe kutoka mita mbili. Kwenye duara la sentimita 4 unaona chembe za kujazia, na brashi ndogo inakwaruza kama inapita kwenye msasa laini. Kama ni msingi usioamka, nunua tyubu moja ya akriliki (rangi ya sanaa yenye gundi ya plastiki) nyeupe isiyong'aa. Kazi ileile, uso laini zaidi, na tyubu moja inakaa muda mrefu.

#9 Mwalimu_Mbale
Ukiwa na darasa la watoto 60 hesabu inabadilika, ssebo. Nyumba nyingi zinabaki na kopo lenye robo baada ya kupaka ukuta. Lakini kwa mtu mmoja na mchoro mmoja, akriliki ni bora, hilo nakubali.

#10 Korongo256
Nyongeza kwa #7. Anayeweka msingi wa gwashi badala ya akriliki ajue kwamba gwashi inaamka. Ukipitisha njano juu yake mara mbili au tatu, nyeupe inapanda, njano inageuka kuwa maziwa yenye njano. Dawa: acha msingi ukauke nusu saa au zaidi (msimu wa mvua huku Entebbe mpe saa nzima), tumia brashi laini, rangi iwe na maji ya kiasi, pita mara moja, inua mkono. Usirudi kurekebisha ikiwa mbichi.

#11 Arua_Wino
Naona mmelikwepa swali lenyewe. Aliuliza kwa nini nyeupe inafifia IKIKAUKA. Zinki ni dhaifu, sawa, lakini ilikuwa zinki hiyohiyo ilipokuwa mbichi na ilifunika. Jibu ni rahisi: maji ndiyo yanayoipa nyeupe unene. Maji yakiondoka tabaka linabaki jembamba, na jembamba linaonyesha nyuma.

#12 Mwalimu_Mbale
Arua, fikiria ubao wa darasani. Futa chaki kwa kitambaa kibichi: ubao unakuwa mweusi safi. Ukikauka, ukungu mweupe wa chaki unarudi. Hapo nyeupe inapotea ikiwa na maji na kuonekana ikikauka, kinyume kabisa na mwezi wa Mutuba. Kama maji ndiyo yangeipa nyeupe nguvu, ubao ungefanya kinyume chake.

Tena tabaka likisinyaa, idadi ya chembe kwa kila sentimita haijapungua. Maji ndiyo yameondoka, chembe zote ziko palepale.

#13 Arua_Wino
Hapo kwenye ubao umenishika. Ila bado nyeupe ya Mutuba inafifia, na ubao haujaeleza kwa nini.

#14 Fundi_Brashi
Ubao na tyubu si kitu kimoja, kwa sababu chaki ya ubaoni haina gundi ya kutosha. Ikikauka, kinachobaki kati ya chembe ni hewa. Nyeupe ya Mutuba ikikauka, kati ya chembe inabaki gamu arabiki.

Kila kitu kinachopitisha mwanga kina namba ya kuupinda. Hewa ni 1, maji 1.33, gamu arabiki kama 1.48, chaki karibu 1.6, oksidi ya zinki karibu 2.0, titani karibu 2.7. Weupe unatokana na tofauti kati ya chembe na kinachoizunguka: tofauti ikiwa kubwa, mwanga mwingi unatawanyika na kurudi kwako.

Hesabu sasa. Zinki ndani ya maji: 2.0 toa 1.33, ni 0.67. Ndani ya gundi kavu: 2.0 toa 1.48, ni 0.52. Umepoteza zaidi ya moja ya tano. Titani inatoka 1.37 kwenda 1.22, imepoteza kama moja ya tisa tu. Chaki ya ubaoni inatoka 0.27 ndani ya maji kwenda 0.6 ndani ya hewa, ndiyo maana inarudi. Kwa maelezo haya ubao na mwezi havipingani.

#15 Mwalimu_Mbale
Hesabu nzuri, nimeielewa. Ila moja ya tano haitoshi kugeuza nyeupe kuwa kijivu cha namna hiyo. Kuna kitu kingine juu yake.

#16 Nalongo_Njeru
Kipo, na nimeshakitaja: karatasi inakunywa. Mkitaka kulimaliza, ondoeni karatasi. Mutuba, tafuta kifuniko cheusi cha plastiki, kioshe kwa sabuni mafuta yatoke, upake nyeupe ileile kwa kipimo kilekile karibu na ile ya manila. Plastiki hainywi na haitoi rangi. Ikififia nayo, Fundi ana hoja. Isipofifia, ni karatasi.

#17 Mutuba_Kla
Nimefanya. Kwenye plastiki imefifia pia, lakini kidogo, tuseme nusu ya ilivyofifia kwenye manila. Na kuna jambo ambalo sikulitarajia: pembeni pana pete nyeupe nzito, katikati ni hafifu. Nimerudi kuangalia mwezi wa manila, nao una pete, ila ni nyembamba zaidi.

#18 Korongo256
Pete hiyo ndiyo mwizi wenu wa tatu. Angalia tone la chai lililokaukia mezani: ukingo mweusi, katikati karibu hakuna kitu. Ukingoni maji hukauka haraka, maji ya katikati yanakimbilia huko kujaza nafasi, na yanabeba chembe. Kwa hiyo Mwalimu alisema kweli kwamba chembe hazipungui, lakini zinahama. Katikati ya mwezi zimebaki chache.

Dawa yake ni kupunguza maji. Maziwa ni mepesi mno kwa karatasi nyeusi. Tumia kipimo cha jikoni: chai, maziwa, bongo. Nyeupe ya kufunika iwe kama bongo, maziwa ya mgando yaliyokorogwa: ukiinua brashi inadondoka kwa uzito, haimiminiki. Kwa gwashi ya tyubu, kiasi cha punje ya njegere kwa matone matatu au manne ya maji. Koroga mpaka mabonge yaishe. Futa brashi kwenye kitambaa kabla ya kuchovya, kwa sababu maji yaliyojificha shingoni mwa brashi ndiyo yanayoharibu kipimo.

Na paka tabaka mbili, la kwanza likauke kabisa. Tabaka moja zito kupita kiasi linapasuka ukikunja karatasi.

#19 Nalongo_Njeru
Pete nimeikubali, na kwenye manila imekuwa nyembamba kwa sababu karatasi imeyanywa maji kabla hayajakimbia. Ndiyo kusema manila imeiba kwa njia yake, plastiki kwa njia yake.

#20 Kigezi_Mwanga
Hamjamjibu kuhusu ubuluu. Hilo halitokani na maji wala manila. Tabaka jembamba la nyeupe juu ya kitu cheusi huonekana la buluu, kwa sababu chembe ndogo hutawanya mwanga wa buluu kuliko mwekundu, na mwekundu unapita ukaishie kwenye weusi. Tazama moshi wa kuni: ukiwa mbele ya mlango wenye giza ni wa buluu, ukipanda mbele ya anga nyeupe unageuka rangi ya udongo. Leonardo da Vinci aliliandika hilo la moshi zamani sana.

Kwa mwezi wa baridi uache ulivyo, unapendeza. Lakini kwa taa ya kibanda cha chapati usiku, ubuluu unaua joto lote. Tia okra ya njano kwenye nyeupe, kama sehemu moja kwa kumi, kabla hujaanza kuizimua. Mwanga wa taa ujengwe hivi: lowesha eneo kuzunguka taa kwa brashi safi, weka mchanganyiko wa okra na chungwa kidogo karibu na taa, uuvute nje kwa brashi yenye unyevu mpaka upotee. Ukikauka, weka njano ya Naples ndani yake, eneo dogo zaidi. Nyeupe tupu iwe nukta moja, glopu yenyewe. Wanaoanza huanza na glopu nyeupe kisha wanaivuta nje, ndipo taa inapata wingu la buluu.

#21 Mutuba_Kla
Hilo la moshi nimetoka nje kulitazama, ni kweli kabisa.

#22 Karamoja_Kaskazini
Kuhusu gamu arabiki aliyoitaja Mwalimu: inatoka kwenye mti wa jamii ya mgunga, Acacia senegal, na huku Karamoja upo. Watu wanaiokota kwenye magome. Sudan ndiyo inayouza nyingi zaidi duniani.

Nyeupe ikikauka na kuacha unga kidoleni, gundi ni chache. Jitengenezee: gramu 10 za gamu safi iliyosagwa, gramu 20 za maji ya moto, koroga, funika, acha usiku kucha, chuja kwa kitambaa cha pamba. Tone moja la mafuta ya karafuu huchelewesha ukungu. Weka tone moja kwa kiasi cha njegere mbili za rangi. Ukizidisha, uso unang'aa, na kwa hesabu ya Fundi weupe unapungua, maana umeifukuza hewa yote.

#23 Arua_Wino
Wengine huongeza asali ili rangi isipasuke. Ssebo, hilo likoje?

#24 Karamoja_Kaskazini
Asali inashika unyevu, ndiyo kazi yake. Moroto kwenye ukame inafaa. Kampala au Jinja wakati wa mvua za Machi hadi Mei, rangi itabaki inanata na itagandia kwenye karatasi utakayoiwekea juu. Huko anza bila asali.

#25 Mwana_Nile
Jamani na rangi za kumetameta? Hizo ndizo zilizonifikisha kwenye karatasi nyeusi na hakuna aliyezitaja.

#26 Korongo256
Ulichelewa tu, bambi. Zinametameta kwa sababu zina mika, vipande bapa vilivyovikwa titani au oksidi ya chuma. Kila kipande ni kioo kidogo, hakihitaji weupe wa chini. Kwa anayeanza ndiyo njia rahisi kabisa: Coliro, au Kuretake Gansai Tambi za seti ya Starry Colors, zinaonekana kwenye nyeusi bila msingi wowote.

Makosa yanayorudiwa: kusugua kidonge kikavu. Weka matone mawili ya maji, subiri dakika moja au mbili, kilainike mpaka kiwe kama siagi ya karanga, ndipo uchote. Ukizimua sana vipande vinatawanyika na unabaki na vumbi linalowaka hapa na pale. Mika huzama haraka, kwa hiyo koroga kila unapochovya. Na maji ya kuoshea yawe kikombe cha peke yake, la sivyo hata anga yako ya usiku itakuwa na pambo.

Zipo pia zile zinazobadilika kwa pembe ya kutazama. Kwenye karatasi nyeupe hazionekani sana, kwenye nyeusi ndiyo zinaamka: kidonge kinachoonekana cheupe kinatoa buluu au kijani.

#27 Mwana_Nile
Nimeelewa. Nataka kuchora korongo wa bendera yetu. Taji lake ndilo linanishinda, linatoka kama ufagio.

#28 Korongo256
Huyo ndiye ndege wa karatasi nyeusi hasa, maana kipaji chake ni cheusi laini kama mahameli. Usikipake! Kiache karatasi yenyewe. Kitatokea chenyewe ukishaweka shavu jeupe mbele na taji nyuma.

Mpangilio: hamisha mchoro kwa chaki. Sugua chaki nyeupe nyuma ya karatasi ya mchoro, igeuze, fuatisha mistari kwa kalamu, halafu pulizia vumbi. Usitumie penseli ya nta, rangi itaikataa. Shingo: kijivu cha kati, nyeupe na buluu kidogo na nukta ya nyeusi, kipimo cha bongo. Shavu: nyeupe yenye okra. Doa jekundu juu ya shavu na mfuko mwekundu kooni: nyekundu ya kadmiamu, lakini kwanza weka nyeupe chini na ikauke, ukipaka moja kwa moja itageuka rangi ya matofali.

Taji sasa. Linakuwa ufagio kwa sababu nywele zote zina unene mmoja na zinaanzia mstari mmoja. Tumia brashi ndefu nyembamba, namba 1. Duru ya kwanza, okra iliyozimuliwa, nywele 20 hivi, kila moja ianzie kwenye nukta yake ndani ya eneo dogo la kisogo, ukandamize mwanzoni na kuinua unapokwenda nje. Acha zingine zikatike kabla ya mwisho. Duru ya pili, dhahabu ya mika, nywele 10 kati ya zile. Duru ya tatu, njano ya Naples, ncha tano au sita tu upande wa mwanga. Manyoya yale ni magumu na yamenyooka, kwa hiyo usiyapinde kama majani.

#29 Nalongo_Njeru
Korongo umenifaidisha hata mimi. Nywele zinazokatika njiani ndizo zinazoleta pumzi.

#30 Kigezi_Mwanga
Nikitoka kidogo nje ya mada: badala ya kutafuta karatasi za kuagiza, kwa nini tusitumie lubugo, kile kitambaa cha gome la mti wa mutuba? Lina rangi ya udongo iliyokolea, na UNESCO wameliandika 2008.

#31 Mwalimu_Mbale
Sahihisho dogo: lilitangazwa 2005 kuwa kazi bora ya urithi, na 2008 likaingizwa kwenye Orodha ya Wawakilishi. Kuhusu kuchora: gome la mutuba likishapondwa ni nyuzi tupu bila gundi ya kuzuia maji. Rangi ya maji inasambaa kama wino kwenye tishu. Upande wa kuchora upake akriliki isiyo na rangi, iliyozimuliwa nusu kwa nusu, mikono miwili, halafu gwashi inakaa. Wanafunzi wa sanaa wanaolichorea hutumia zaidi akriliki.

#32 Kigezi_Mwanga
Asante kwa tarehe. Basi mwenye karatasi ya kuagiza ataje ipi.

#33 Fundi_Brashi
Kwa rangi zenye maji mengi: Stonehenge Aqua Black, pamba tupu, gramu 300 kwa mita ya mraba. Au Fabriano Black Black, gramu 300. Canson Mi-Teintes nyeusi ni gramu 160, inajikunja ukiilowesha, ila kwa gwashi nzito inatosha ukiibandika kwenye ubao pande zote nne. Tepu ya karatasi ibandike kwanza kwenye nguo mara moja ili upunguze ukali wake, na ukiitoa ivute polepole kwa kuilaza, usiinyanyue juu. Nyeusi ikichanika inaonyesha nyuzi za kijivu.

Hapa nyumbani, ulizeni kwenye maduka ya karatasi ya Nasser Road. Kwa kuwa wanauza za uchapaji, unaweza kupata kadi nyeusi nzito na wakakukatia kwa mashine. Lakini pima kwa tishu na tone la Nalongo kabla ya kununua shiti nyingi.

#34 Nalongo_Njeru
Ongeza kipimo cha jua. Kata ukanda, funika nusu kwa kadi, weka dirishani wiki nne. Nyeusi nyingi za bei nafuu zinageuka kahawia au kijivu. Mchoro unaoutaka ukae ukutani usianzie kwenye karatasi hiyo.

Na wasiokuwa na karatasi kabisa: chukua karatasi nyeupe nzito, ipake akriliki nyeusi isiyong'aa mikono miwili, ya pili kwa kuikatiza ya kwanza. Haitoi rangi, haififii haraka, na wewe ndiye unayechagua weusi wake.

#35 Mwana_Nile
Ukimaliza unapaka vanishi?

#36 Karamoja_Kaskazini
Gwashi usiipake. Vanishi inajaza zile nafasi za hewa, na nyeupe yenye chaki inazama palepale mbele ya macho yako. Hesabu ni ileile ya #14. Weka kwenye fremu yenye kioo, na kadi ya pembeni ili kioo kisiguse rangi.

#37 Arua_Wino
Na picha ya simu? Nyeusi yangu inatoka kijivu kila mara.

#38 Korongo256
Simu inadhani chumba kina giza, inaongeza mwanga. Gusa sehemu nyeupe ya mchoro, kisha shusha mwangaza mpaka karibu -1. Piga karibu na dirisha, mwanga uje kutoka ubavuni. Kwa mika, inamisha karatasi kidogo kidogo mpaka iwake, lakini kwa gwashi iache bapa.

#39 Mutuba_Kla
Ripoti. Nimepata tyubu ya gwashi nyeupe, PW6, kipimo cha bongo, tabaka mbili. Nimeweka miezi minne: manila tupu, manila iliyopakwa akriliki nyeusi, kifuniko cha plastiki, na kadi nyeusi ya gramu 300. Manila tupu bado ndiyo hafifu kuliko zote, hilo limwendee Nalongo. Kwenye akriliki nyeusi ni nyeupe kweli, ubuluu hauonekani. Plastiki haina pete safari hii. Lakini zote nne, hata ile bora, zimefifia kidogo zilipokauka.

#40 Fundi_Brashi
Hicho kidogo kilichobaki ni gundi, moja ya tisa ile.

#41 Kigezi_Mwanga
Au ni msongamano. Chembe za titani zikikaribiana sana, kila moja inatawanya mwanga pungufu kuliko ikiwa na nafasi yake. Kwenye maji zilikuwa mbalimbali, zikikauka zimebanana. Watengenezaji wa rangi za ukuta wanalijua hilo, ndiyo maana hawaongezi titani bila mwisho.

#42 Mzee_wa_Duka
Hilo kweli. Baada ya kiasi fulani, titani ukiongeza hailipi.

#43 Fundi_Brashi
Msongamano na gundi huwezi kuvitenganisha kwa jicho kwenye tyubu moja.

#44 Nalongo_Njeru
Vinatenganishika. Mutuba, ongeza miezi miwili kwenye ile kadi ya gramu 300: mmoja nyeupe yako pamoja na tone moja la gamu ya Karamoja, mwingine nyeupe hiyohiyo pamoja na unga wa chaki ya ubaoni, kiasi cha punje ya mchele, uzitenganishe chembe. Paka zote kwa wakati mmoja, na piga picha zikiwa mbichi kabla hujasogeza kitu.